Shingo kwanza, mpingo baadaye: kwa anayetaka kujiundia gitaa la umeme Dodoma

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Napiga solo kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Nkuhungu, na mwisho wa wiki natoka na bendi ya harusi. Gitaa langu la dukani limechoka, halikai kwenye tyuni, na likiungwa kwenye amplifaya linanguruma. Nimeweka akiba ya laki tisa. Nataka kujiundia langu: bodi ya mpingo, vifaa vingine niagize kimoja kimoja. Seremala mzuri yupo mtaani. Je, mpingo utafaa? Nianze kununua nini? Na itanitoka nafuu kuliko kununua jipya?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo la kuamua kama uendelee au uache. Hapana, haitakuwa nafuu. Shingo, pikapu (zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), mashine za kukazia nyuzi, daraja linaloshika nyuzi kwenye bodi, na swichi vikinunuliwa kimoja kimoja hupita bei ya gitaa zima la kiwandani la ubora uleule, kwa sababu kiwanda kinanunua kwa maelfu na wewe unanunua kimoja. Ukiagiza nje kuna usafiri, kuna ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18 inayohesabiwa juu ya bei ya mzigo pamoja na nauli yake na huo ushuru. Wengi hupiga hesabu kwa bei waliyoiona kwenye simu, mzigo ukifika hawana hela ya kuutoa.

Unachopata ni kitu kingine. Unapata gitaa lililopimwa kwa mkono wako, na likizima Jumamosi jioni ukumbini unajua pa kufungua na waya upi wa kushika. Kwa mtu anayepiga kila wiki, hilo nalithamini kuliko jina lolote linaloandikwa kwenye kichwa cha gitaa. Kama hiyo ndiyo sababu yako, twende pamoja.

Lakini kabla hujatoa shilingi, weka lile gitaa la zamani mezani ulikague. Kutokaa kwenye tyuni mara nyingi si kosa la mashine. Angalia nati, kile kipande cheupe cha plastiki au mfupa ambacho nyuzi hupitia zikitoka kwenye shingo kwenda kichwani. Ukikaza uzi ukasikia "tik", uzi umebanwa kwenye mfereji wake pale. Paka unga wa risasi ya penseli ndani ya mifereji, ujaribu tena. Kisha kagua shingo: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba. Ikiwa ni nyembamba kama kadi ya kuchezea, shingo ni nzima. Ikiwa kidole kidogo kinakaribia kupita, au uzi umelala kabisa, jaribu kuzungusha chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko kwa ufunguo wake uone kama shingo inatii. Ikitii, una kifaa cha bei kubwa kuliko vyote tayari mkononi, na akiba yako imepumua.

Nalisema hilo mapema kwa sababu gitaa la umeme la aina unayoitaka liliumbwa tangu mwanzo kuwa la vipande. Leo Fender alikuwa fundi wa redio huko Fullerton, California, na gitaa mwenyewe hakujua kulipiga. Alilitazama kwa jicho la fundi: kitu kitakachoharibika lazima kifunguke. Mwaka 1950 alitoa sokoni gitaa la bodi nzima isiyo na uwazi wa sauti, shingo yake imefungwa kwa skrubu nne tu, ili ikichakaa itolewe iwekwe nyingine. Likaitwa Telecaster mwaka 1951, na Stratocaster ikafuata 1954. Mwaka 1970 mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alinunua Stratocaster kuukuu kadhaa huko Nashville, akachukua vipande bora vya tatu kati ya hizo akaunda moja, ile aliyoiita Blackie. Ilipopigwa mnada mwaka 2004 ilikwenda kwa dola 959,500. Brian May wa bendi ya Queen naye aliunda lake akiwa kijana, pamoja na baba yake, shingo wakaichonga kutoka kwenye ubao wa zamani wa mahali pa kuotea moto. Na hapa kwetu Ugogo jambo hili halihitaji hata kutetewa. Mpiga zeze wa Kigogo huchagua kibuyu chake, akawamba ngozi yake, akaweka nyuzi kwa idadi anayoitaka. Hukwe Zawose alipoongeza nyuzi za zeze hakusubiri duka limletee.

Sasa mpingo. Naelewa kwa nini unautamani. Ndio mti unaotengenezewa klarineti na zumari bora duniani, na ni wa kwetu. Lakini kwa bodi nakukataza, na sababu yangu ni ya mizani. Bodi ya umbo la Stratocaster ina ujazo wa lita nne na kidogo. Mpingo huzama majini. Lita moja yake ina uzito wa karibu kilo 1.2. Zidisha: bodi peke yake kilo tano, kabla hujafunga shingo na vyuma. Ibada ya Jumapili ya saa tatu na kilo sita na nusu begani, mgongo utakusimulia. Tena mpingo ni mti mdogo uliojipinda, kupata ubao mpana usio na ufa ni shida, na mafuta yake ya asili husumbua gundi. Ni mti unaokua polepole mno. Mbao pana za kuchezea majaribio zisitoke kwake. Uweke kwenye vitu vidogo vya heshima: vishikio vya volyumu, kifuniko cha nyuma, na siku ukishakuwa fundi, ubao wa freti.

Bodi yako iwe mninga au mkangazi. Mninga wa misitu ya miombo, ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, una sifa moja inayonifanya niupende kuliko mbao zote kwa kazi hii: ukishakauka, umekauka. Hauvimbi wala haujikunji ovyo misimu ikibadilika. Bodi itakuja kama kilo mbili na nusu hadi tatu kutegemea ubao, kwa hiyo chagua ubao mwepesi. Nyanyua mbao tatu nne dukani ulinganishe. Mkangazi ni mwepesi zaidi na ni ndugu wa karibu wa mbao ambazo viwanda vya nje huziita mahogani ya Afrika na kuzitumia kwenye magitaa kila siku. Nunua kwa mfanyabiashara anayetoa risiti, mbao za asili zina vibali vyake. Na seremala wako avae barakoa wakati wa kupiga msasa, vumbi la mninga huwasha pua na kubana kifua.

Utasikia watu wakibishana kuhusu sauti ya mbao hii na ile. Msimamo wangu ni huu. Pikapu haina sikio. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mara elfu saba na zaidi, na inachohisi ni chuma cha uzi kinapotikisika juu yake. Katika gitaa lisilo na uwazi ndani, mbao huchangia, lakini mchango wake ni mdogo ukiuweka kando ya pikapu, nyuzi, nati iliyochongwa vizuri na mkono wa mpigaji. Chagua mbao kwa uzito na kwa kutulia. Hata gitaa la kwanza la majaribio la Fender, mwaka 1949, bodi yake ilikuwa ya paini.

Hilo la paini ulikumbuke, maana nitakuomba ufanye vilevile. Paini ya Sao Hill inapatikana kila duka la mbao. Mwambie seremala akate bodi ya kwanza ya paini, na makosa yote yafanyike humo. Utashukuru.

Sasa swali la nini kinunuliwe kwanza, na hapa ndipo magitaa mengi ya kuunda yanapofia. Kijana hununua pikapu kwanza kwa sababu ndizo zinazosifiwa, kisha bodi kwa sababu inapendeza, mwisho anatafuta shingo itakayoingia. Pinduka. Nunua shingo kwanza, au ipitishe ile ya zamani. Shingo ndiyo inayotoa amri kwa kila kitu. Inabeba urefu wa uzi, yaani umbali kutoka nati hadi daraja: shingo za mtindo wa Fender zimekatwa kwa milimita 648, za mtindo wa kampuni ya Gibson ni fupi kidogo, kama 628. Shingo ya 648 ukiifungia daraja lililopangwa kwa 628 hutapata gitaa, utapata mapambo ya ukutani.

Usimpe seremala kazi ya kuchonga shingo, hata awe hodari vipi kwa milango na makabati. Freti ya kwanza inapatikana kwa kugawa 648 kwa 17.817, ambayo ni milimita 36.4. Unatoa, unabaki na 611.6, unagawa tena kwa 17.817 kupata ya pili, hivyohivyo mara ishirini na mbili, na ya kumi na mbili lazima iangukie 324 kamili, nusu ya uzi. Hapo kosa la nusu milimita sikio linalisikia. Ndani yake kuna mfereji wa chuma cha kuvuta. Na nyuzi sita za ukubwa wa kawaida, zile za kuanzia 10 hadi 46, zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45, mzigo unaokaribia mfuko wa saruji, mchana na usiku. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezifanya mia.

Kwenye laki tisa, kama shingo ya zamani imefeli, ningetenga laki tatu na nusu kwa shingo peke yake. Laki mbili pikapu. Laki moja na nusu daraja na mashine. Elfu hamsini kwa swichi, jeki, waya na vile vidude vya volyumu na toni. Elfu themanini mbao na kazi ya seremala, na elfu sabini usiziguse, zitajitafutia matumizi. Kama shingo ya zamani imefaulu, usiitawanye ile laki tatu na nusu; ongeza kidogo kwenye mashine na daraja, nyingine rudisha benki.

Shingo ikishafika, ipime mwenyewe kwa kalipa, usiamini tangazo. Kisigino, pale inapofungwa kwenye bodi, kwa kawaida kina upana wa milimita 56 na unene wa 25. Shimo la shingo kwenye bodi basi liwe na upana huohuo na kina cha milimita 16, kwa bodi yenye unene wa 45. Nataka shingo iingie kwa kusukumwa na kiganja, na ukiinua bodi kwa kushika shingo bila skrubu isidondoke. Seremala achimbe kwa ruta, ile mashine ya kuchimba mbao, na kigezo cha plaiwudi, amalizie kona kwa patasi kali. Matundu ya mashine kichwani mara nyingi ni milimita 10, ya mtindo wa zamani ni madogo kidogo. Pima kabla hujanunua mashine. Upana wa nyuzi kwenye daraja uwe 52 hadi 54.

Kuhusu daraja, chukua lile lisilotikisika, ambalo nyuzi zinapita moja kwa moja. Najua lenye mkono wa kuyumbisha sauti linavutia. Lakini linahitaji kuchimbwa bodi pande mbili na springi nyuma, na kila linapotumika linatikisa tyuni. Mpigaji wa solo wa dansi au wa kwaya halihitaji; mtikisiko wenu unatoka kwenye vidole.

Vifaa vyote viwe mezani kabla msumeno haujagusa mninga. Vyote. Usikate bodi kwa picha ya daraja litakalokuja mwezi ujao.

Niliwahi kuletewa gitaa zuri sana machoni, mninga uliong'arishwa ukawa kama asali. Aliyeliunda alifunga daraja kwanza, akaja kuweka shingo baadaye. Daraja lilikuwa milimita sita karibu mno na nati. Nyuzi zikiwa wazi, tyuni safi. Ukipanda freti ya kumi na mbili kila noti imepanda juu ya pale inapotakiwa, na vikalio, vile vipande vidogo sita vinavyobeba nyuzi kwenye daraja, vilikuwa vimerudishwa nyuma hadi skrubu zikaisha. Tuliziba matundu kwa vijiti vya mninga na gundi, tukatoboa upya. Lilipona, ila kovu lipo mbele, na shimo la pikapu halikuwa tena sawa na daraja.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga shingo kwanza. Matundu ya skrubu kwenye bodi yawe mapana kiasi kwamba skrubu inapita bila kushika, inashika kwenye shingo tu. Vinginevyo unaweza kukaza hadi uchoke na bado pakabaki nafasi nyembamba katikati. Kwenye shingo toboa njia kwa kekee ndogo ya milimita 3, paka skrubu sabuni ya kipande ili isikatikie kwenye mbao ngumu. Kisha weka daraja juu ya bodi bila kulifunga. Kikalio cha uzi mwembamba kisogeze mbele, upande wa nati, karibu na mwisho wake, kwa sababu marekebisho yote yatakuwa ya kurudi nyuma, halafu pima 648 kutoka ukingo wa nati hadi hapo. Uzi mnene utakuja kukaa milimita mbili hadi nne nyuma zaidi, usishangae. Chukua uzi wa cherehani, pitisha kutoka mfereji wa kwanza na wa sita wa nati hadi kwenye daraja, uvute. Angalia kingo za shingo: nafasi kutoka uzi hadi ukingo iwe sawa pande zote mbili, kuanzia juu hadi freti ya mwisho. Sogeza daraja kushoto kulia mpaka macho yaridhike, nenda kanywe chai, rudi utazame tena. Ndipo utie alama na kutoboa.

Nije kwenye jambo ambalo maelezo ya magitaa kutoka nje hayatakuambia, kwa sababu walioyaandika hawaishi Dodoma. Sisi tunapata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki hewa ni kavu na upepo unakausha hadi midomo. Mbao iliyokaa Dar es Salaam kwenye unyevu wa bahari ikipanda treni kuja huku, inaanza kutoa maji. Inasinyaa kwa upana, si kwa urefu. Freti ni chuma, hazisinyai. Baada ya wiki chache unapitisha kiganja pembeni mwa shingo na ncha za freti zinakukwaruza kama msumeno. Watu hudhani wameuziwa takataka. Shingo haina kosa, imefika mahali pakavu tu.

Basi shingo ikifika, ilaze kwenye chumba unacholala, mbali na dirisha la jua, wiki nne. Usifunge nyuzi, usipige tupa. Ikishatulia, ncha zilizochomoza zipitishie tupa laini kwa pembe, kisha msasa namba 400 na 600, na ubao wa freti uupake mafuta kidogo. Mbao za bodi nazo zipe muda wake. Kata vipande vikubwa kuliko bodi, paka rangi kwenye ncha mbili ili zisipasuke, visimamishe ndani ya nyumba na vijiti katikati hewa ipite. Kila Jumapili vipime kwa mizani ya duka. Uzito utakuwa unashuka. Ukikaa wiki tatu mfululizo bila kushuka, mbao imekuwa mwenyeji wa Dodoma na unaweza kuunganisha. Mbao ya mbili kwa nane, vipande viwili pembeni kwa pembeni, gundi nzuri ya mbao, ibanwe saa ishirini na nne. Vanishi ipakwe mbele na nyuma kwa idadi ileile ya makoti, la sivyo upande mmoja utakauka haraka kuliko mwingine na bodi itajikunja.

Umeme. Ninakushauri pikapu ya koili mbili upande wa daraja, na za koili moja katikati na shingoni. Koili moja ndiyo yenye ile sauti ya kioo mnayoitumia kwenye solo za dansi, kila noti inasimama peke yake. Lakini koili moja ni antena pia, inanasa mvumo wa umeme wa 50 hezi, taa za mirija, jenereta ya ukumbini. Seth Lover wa Gibson alilitatua mwaka 1955 kwa kuweka koili mbili zilizozungushwa kinyume, sumaku nazo zikipishana, mvumo ukajiua wenyewe na sauti ya uzi ikabaki. Kwa hiyo utakuwa na mahali pa kukimbilia ukumbi ukiwa mchafu. Hata kati ya zile mbili za koili moja, omba ya katikati iwe imezungushwa kinyume, zikiwashwa pamoja zinatulia. Vidude vya volyumu na toni viwe vya kilo-omu 500 kwa sababu ya hiyo koili mbili. Kama ungetumia koili moja tupu ningesema 250. Kapasita ya toni, 0.022 mikrofaradi.

Mashimo yote ya umeme ndani ya bodi yafunikwe kwa karatasi ya shaba yenye gundi, vipande vigusane, na iungwe na waya wa ardhi. Foili ya jikoni watu huitumia, lakini haishiki risasi ya kulehemu, utahangaika. Kisha waya mmoja utoke kwenye daraja hadi nyuma ya kidude cha volyumu. Kabla ya kufunga nyuzi, chomeka waya wa gitaa kwenye jeki, ncha ya pili ipime kwa mita: volyumu ikiwa juu, pikapu ya koili moja isome karibu kilo-omu 6, ya koili mbili 7 hadi 8 na kidogo. Pima pia kati ya daraja na upande wa ardhi wa jeki, isome karibu sifuri. Ikisoma tofauti, tafuta sasa hivi, kabla hujafunga kifuniko.

Na hapa naomba usome polepole, maana linahusu uhai wako. Ule waya wa daraja unaunganisha nyuzi, na wewe unayezishika, na bodi ya chuma ya amplifaya. Hiyo ni sahihi na ndivyo inavyotakiwa, mradi amplifaya imeungwa ardhini. Kumbi nyingi na makanisa mengi tundu la tatu la soketi halijaungwa na kitu. Wengine huchokonoa tundu la juu kwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie, amplifaya ikabaki bila ardhi kabisa. Siku umeme ukivuja ndani yake, nyuzi zako zina umeme, na midomo yako ikigusa maikrofoni iliyoungwa kwenye mikisa yenye ardhi, mkondo unapita kifuani. Kijana akitekenywa na maikrofoni, dawa anayopewa mtaani ni kukata waya wa daraja. Usikate. Mlete fundi umeme apime nondo ya ardhi ya jengo, na amplifaya na mikisa vichomekwe kwenye soketi moja yenye pini tatu za kweli. Zungumza na wazee wa kanisa, hata kama itabidi mchango upitishwe. Ni gharama ndogo.

Kufunga na kusawazisha sitarefusha. Nyuzi 10 hadi 46, au 9 hadi 42 kama unavuta sana nyuzi kwenye solo. Shingo iwe na mkunjo wa robo milimita kwenye freti ya saba. Kimo cha uzi mnene kwenye freti ya kumi na mbili milimita mbili, mwembamba moja na nusu. Linganisha sauti ya kengele ya freti ya kumi na mbili, ile inayotoka ukiugusa uzi tu bila kuubonyeza, na noti iliyobonyezwa palepale: iliyobonyezwa ikipanda, rudisha kikalio nyuma, ikishuka, kilete mbele. Kila baada ya kusogeza, tyuni upya ndipo upime tena.

Likishakamilika, lisikae ndani ya gari wala chini ya bati lisilo na dari, hasa Oktoba na Novemba. Kwenye begi weka kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, ndani yake sifongo iliyoloweshwa ikakamuliwa. Mvua za kwanza zikianza Desemba, pima tena ile nafasi ya freti ya saba, kwa sababu shingo itakuwa imekunywa maji na itaomba robo mzunguko. Usiogope kuipa. Ukiwa bado na paini ya majaribio wakati huo, ipitishe kwangu niione kabla hujakata mninga.